Kufuli Tatu za Blogu ya Wapishi

Nyinyi vijana wa kijiji cha Raila, hapa Kibera, mnaopita hapa mlangoni pangu mkiniita Mathee wa Blogu, nawapenda lakini mmenichosha. Kila mmoja wenu anataka kujua blogu imeundwa na nini, na kila mmoja ananiuliza akiwa amesimama, macho kwenye simu, kama mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki halafu anaondoka bila kununua. Basi nimeandika. Someni mkiwa mmekaa. Atakayekuja kuniuliza tena nitamkabidhi beseni la nguo afue kwanza.

Sikuanza na blogu. Nilianza kwa kuchapa barua za kuomba kazi katika cyber ya Akinyi, duka lake la kompyuta pale Kianda, na nilikuwa nawapamba watu. Aliyebeba zege nilimwandika mtaalamu wa ujenzi. Aliyechoma mahindi barabarani nilimwandika meneja wa chakula, naye akarudi kunilaumu kwa sababu walimwajiri kweli na sasa walikuwa wanamuuliza maswali.

Akinyi alikuwa na umri wa binti yangu wa kwanza na hasira za mama mkwe. Siku moja aliniambia kwamba watu wameanza kuchapa wenyewe kwa simu, kwa hivyo ama nijifunze kutengeneza blogu ama nijifunze kukaa nyumbani. Nilichagua blogu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mume wangu.

"Mathee, wewe si unakaa kwa ploti?" akaniuliza siku ya kwanza ya masomo.

Swali gani hilo, na Kibera nzima inakaa kwa ploti, vyumba vya kupanga vyenye geti moja. Lakini somo lake lote lilikuwa hapo, na mpaka leo sijapata lingine linaloingia kichwani haraka hivyo. Jina la blogu, alisema, ndilo unalomwelekeza nalo mgeni: kwa Mama Zainabu, geti la bluu. Mgeni akilikosea atapiga hodi kwa watu wengine na atakaribishwa huko huko. Hosting ni uwanja ambao ploti imesimama juu yake. Uwanja si wako, umeukodi, na ukinyamaza bila kulipa utarudi ukute mabati yameng'olewa. Watu huchanganya haya mawili, wakidhani ukishakuwa na jina basi una nyumba. Nina shemeji yangu mwenye jina kubwa sana mtaani, na analala sebuleni kwetu.

Themu ni rangi ya kuta na jinsi vyumba vilivyopangwa. Ukiibadilisha, wapangaji hawaondoki, wanaamka tu wakakuta kuta zimekuwa za kijani. Kichwa cha blogu ndicho geti, mahali ambapo mtu huamua kuingia au kupita zake. Menyu humwonyesha mgeni vyumba vilivyopo na pa kupitia. Mguu wa blogu uko chini kabisa, ndipo panapowekwa namba ya simu, na hakuna anayepaangalia mpaka siku ana shida. Komenti ni kamba ya nguo, kwa sababu hapo ndipo majirani hukutana wakaambiana ukweli.

Posti nazo ndizo wapangaji. Mpya akiingia hupewa chumba cha karibu na geti, na wote waliomtangulia wanasukumwa nyuma. Ni ploti ya ajabu, najua, lakini ndivyo blogu ilivyo. Halafu Akinyi akaanza kunieleza peji ni nini na inatofautiana vipi na posti, na hapo ndipo muuza mahindi ya kuchemsha alipopita nje, nami nikatoka. Myakumbuke hayo mahindi, tutarudi kwayo.

Blogu yangu ya kwanza ilikuwa ya fundi viatu wa karibu na reli. Nilitaka apendeze, kwa hivyo nikaweka kila kitu mbele: picha, bei, maandishi yanayopepesa, na wimbo wa kwaya unaoanza wenyewe. Mteja wake mmoja aliifungua kanisani wakati wa maombi ya kimya, na kwaya ikalipuka kutoka mfukoni mwake. Picha za viatu nilizipakia jinsi zilivyotoka kwenye kamera, nzito ajabu, hata bundle ya intaneti ya mtu ikawa inakwisha kabla hajaona kisigino. Akinyi alinikalisha akanifundisha kupunguza picha kabla ya kuipandisha. Hilo mliandike mkononi, kwa sababu asiyepunguza picha anawanyang'anya wasomaji wake bundle, na wengine walikopa ili waipate.

Lakini kazi yenyewe nilifundishwa na wanawake wawili wa Kawangware, Mama Nafula na Rispa.

Walikuwa viongozi wa kikundi cha wapishi, wale wanaofika kwenye harusi na matanga wakiwa na sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea ndani. Mama Nafula alikuwa mwenyekiti na Rispa alikuwa katibu. Walikuja mjini kutoka Magharibi wakiwa wasichana, wakapanga chumba kimoja cha udongo mtaa wa Gatwekera, wakauza maandazi kwa jiko moja, na walipohamia Kawangware walihama siku moja. Mweka hazina wao alikuwa Mama Baraka, mtu asiyesema sana.

Kikundi kilikuwa na sanduku la akiba lenye kufuli tatu. Mama zenu wanalo, mnalijua. Kila kiongozi ana ufunguo wake, na sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Basi nilipowauliza nani atakaa na neno la siri la blogu yao, waliniangalia kwa macho ya kumtazama mwizi. Neno moja, mtu mmoja? Wakajadiliana kidogo, wakaamua neno liwe na sehemu tatu. Mama Nafula ataandika yake mwanzo, Mama Baraka katikati, Rispa mwisho, na mmoja akiandika wengine wote waangalie ukuta, mimi pia. Email ya kikundi nayo ikafungwa vivyo hivyo. Akinyi alipoona tumesimama mbele ya ukuta wake mtupu tukiukagua, alishika kichwa.

"Hii ni blogu ama ni benki?" akauliza.

Basi ikawa hivyo. Kila walipotaka kuandika kitu, walikuja Kianda wote watatu, wamevaa nguo za heshima, na wateja wengine wa cyber wakazoea kuwapisha.

Posti ya kwanza ilikuwa salamu za mwenyekiti. Picha ilimwonyesha ameketi nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, amevaa kitenge kinachong'aa na kilemba cha kufanana nacho. Alizingatia itifaki yote. Aliwasalimu waliopo, wasiokuwepo na walio njiani. Kuhusu chakula hakusema neno.

Posti ya pili iliandikwa na Rispa, jinsi ya kukanda unga wa chapati za watu wengi bila kuumiza mgongo. Watu waliipenda. Komenti ziliingia hata kutoka kwa wanaume. Mama Nafula akawa wa pili. Ikaja pilau, akawa wa tatu. Akaja samaki wa kukaanga, kisha mukimo, kisha mrenda, zote za Rispa, na mwishowe ilibidi uvute kwa kidole gumba muda mrefu ndipo ukutane na kile kitenge.

Mnajua mikutano yetu ilivyo. Mwenyekiti anakaa mbele. Hata akichelewa, kiti chake kinamngoja mbele, na wageni wakiwa wengi wanabanana wao, si yeye. Kwa Mama Nafula jambo hili halikuwa la kompyuta hata kidogo, yalikuwa mapinduzi. Uchaguzi wa kikundi ulikuwa karibu, na kila posti iliyokuwa juu yake ilikuwa imeandikwa na mtu mmoja. Alisema, Rispa akisikia, kwamba kuna mtu anakivuta kiti chake polepole kwa kutumia chapati. Rispa akajibu kwamba mwenyekiti naye angepika kitu tuone.

Ndipo Mama Nafula akapata dawa yake. Alikuwa amegundua kwamba kila posti ina tarehe, na yenye tarehe ya karibuni ndiyo hukaa juu.

"Niwekee tarehe ya mbali kuliko zote," akaniambia kwa ile sauti yake ya mkutano. "Hata huyu apike mpaka achoke, asinipite."

Mimi nikaona hiyo ni akili. Wote watatu wakaandika sehemu zao, nikafungua, nikaipa salamu yake tarehe ya miaka ishirini mbele, nikabonyeza. Papo hapo stima zikapotea Kianda nzima, kabla hatujaona ilivyokaa. Tukaagana gizani tukipongezana.

Jumamosi ile kikundi kilikuwa na mkutano Kawangware, nami nilialikwa kama fundi. Mama Nafula alisimama akawaambia wanachama watoe simu, wafungue blogu, waone mwenyekiti wao anakaa wapi siku hizi. Simu zikatoka. Mrenda ulikuwa juu, ukifuatwa na mukimo, samaki, pilau, chapati. Baada ya chapati kulikuwa na mguu wa blogu na namba ya simu. Mwenyekiti hakuwepo. Mama mmoja wa nyuma akauliza kwa upole kama amejiuzulu.

"Umenifuta," Mama Nafula akamwambia Rispa.

Rispa akasema hajagusa kitu, na hata angetaka angehitaji kufuli zote tatu. Mama Nafula akajibu kwamba mtu aliyelala naye chumba kimoja miaka yote ile hawezi kukosa kuujua ufunguo wake. Rispa akachukua mwiko mkubwa wa kikundi, akauweka begani, akatangaza kwamba anaanzisha kikundi chake. Alitoka nao mlangoni kwa shida kidogo maana ulikuwa mrefu kuliko yeye. Nyuma yake wanachama wakaanza kujigawa, na kabla chai haijaisha walikuwa wanabishana ile sufuria kubwa itaenda upande gani.

Na haya yalitokea wiki mbaya kuliko zote. Shangazi wa bibi harusi mmoja alikuwa amepiga simu kuomba waweke kwenye blogu picha za vyakula walivyopika karibuni, kwa sababu familia ingekaa Ijumaa kuchagua wapishi. Harusi yenyewe ilikuwa kubwa, na ingewapa jina mpaka ng'ambo ya Kawangware. Lakini blogu ilikuwa imefungwa kwa kufuli tatu, na wawili kati ya wenye funguo walikuwa hawasalimiani.

Sikulala vizuri siku hizo. Niliwapenda wale wanawake, na niliogopa kwamba urafiki wa maisha yao yote utakufa kwa sababu ya tarehe ambayo kidole changu ndicho kiliibonyeza. Nilimweleza Akinyi kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akavuta pumzi.

"Mathee, chair hajafutwa. Posti ukiipea tarehe ya mbele, kompyuta inaificha mpaka hiyo siku ifike. Ako tu kwa laini, anangoja. Atatokea ukiwa hauna meno."

Niliwapigia simu wote wawili kuwaeleza. Mama Nafula alisema hazungumzi na mafundi. Rispa alisema anapika, akakata. Aliyetuokoa ni Mama Baraka, yule asiyesema sana. Alimwendea Mama Nafula akamwambia kwamba Rispa anakuja Kianda kuomba msamaha. Kisha akamwendea Rispa akamwambia kwamba Mama Nafula anakuja Kianda kuomba msamaha. Alhamisi wote walikuwa pale, kila mmoja ameinua kidevu, anangoja kuombwa.

Kompyuta tuliyoizoea ilikuwa na mtu, kwa hivyo tuliwakalisha kwenye ile ya karibu na mlango. Mama Baraka akakaa katikati. Mama Nafula akaandika sehemu yake, sisi tukiangalia ukuta. Mama Baraka akaandika. Rispa akaandika. Kompyuta ikakataa. Wakarudia tangu mwanzo, ikakataa tena. Mama Nafula akauambia ukuta kwamba kuna mtu amebadilisha kufuli yake. Rispa naye akauambia ukuta kwamba wengine wamezeeka, wanasahau hata majina yao. Akinyi akaonya kwamba wakikosea tena na tena blogu itajifunga kabisa. Kisha akaipigapiga ile kibodi, akakunja uso.

"Ngojeni. Hii kibodi kuna mtu aliimwagia uji juzi. G imekufa. Kuna mwenye paswadi yake iko na G?"

Mama Nafula akainua mkono polepole. Rispa naye akainua wake.

"Yangu inaanza na G," Mama Nafula akasema, bila kumwangalia mtu.

"Hata yangu," akasema Rispa.

Sasa wakaangaliana, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano. Mama Baraka akavuta kiti chake nyuma kidogo.

"Uliandika Gatwekera?" Rispa akauliza.

"Sasa ningeandika nini?" akasema Mama Nafula.

Rispa ndiye aliyeanza kucheka. Mama Nafula alijikaza, maana mwenyekiti hacheki ovyo, lakini kilemba kikaanza kutikisika na mwishowe akashindwa. Walicheka wakishikana mabega, wakitajiana mambo ambayo sisi wengine hatukuyaelewa, sijui paa lililovuja, sijui jirani aliyekopa jiko akalirudisha bila mguu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Akinyi alisema anaenda kutafuta kibodi nyingine, na alikaa huko nje muda mrefu kuliko kibodi inavyohitaji.

Kibodi nzima ilipofika, blogu ilifunguka mara moja. Mwenyekiti alikuwa ndani, kitenge na maua yake ya plastiki, anangoja siku yake kwa utulivu. Na hapo Akinyi akanieleza peji kwa mara ya pili, safari hii akiwa ameufunga mlango ili hata muuza mahindi asipite. Peji haiko kwenye foleni ya tarehe. Haipandi, haishuki. Inakaa kwenye menyu, na mgeni akiitaka ataikuta pale pale leo na mwaka ujao, kama chumba cha keteka, yule mtunza ploti. Mambo ya kudumu, kama nyinyi ni nani, mnapatikana wapi, mwenyekiti ni nani, weka kwenye peji. Mambo ya leo na kesho, weka kwenye posti uyaache yashuke. Kosa langu lote lilikuwa kumlazimisha keteka ashindane na wapangaji. Mkisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo msilisahau.

Tukamtengenezea Mama Nafula peji yake, jina lake likakaa kwenye menyu, mkabala na geti. Akaisogelea.

"Hapa hakuna mtu atanisukuma?"

Nikamwambia hakuna.

"Na watu wanafika hapa?"

Akinyi akamwambia ukweli, kwamba wasomaji wengi huja kutafuta chakula. Mama Nafula akavua kitenge cha mabegani, akavuta kiti, akaanza kunisomea kutoka kichwani jinsi ya kuponda mushenye wa maharagwe na viazi vitamu, ule waliokuwa wakila Gatwekera siku ambazo maandazi hayakuuzika. Rispa alimkatiza mara kwa mara kuhusu kiasi cha maji, na mara nyingi alikuwa sahihi. Posti hiyo ikapanda pamoja na picha za vyakula zilizoombwa, na Ijumaa shangazi akapiga simu kusema familia imewachagua. Mwiko ulirudi kwenye kikundi begani mwa Rispa, vile vile ulivyotoka.

Wiki iliyofuata Rispa aliandika kuhusu kuku wa kienyeji, na Mama Nafula akanipigia simu.

"Nimeshuka?"

"Umeshuka," nikamwambia, nikashikilia simu mbali kidogo na sikio.

Hakupiga kelele. Aliomba tu nimwonyeshe siku moja jinsi ya kuandika komenti, na nikamwonyesha. Mpaka leo, chini ya kuku wa Rispa, komenti ya kwanza inasema chumvi imezidi, na imetiwa sahihi, Mwenyekiti. Ya pili ni ya Rispa, inasema ale tu.

Nyinyi mliosomea usalama wa kompyuta mnaguna, nawasikia. Neno lile lile mara mbili ndani ya neno la siri moja ni hatari, tena kila mmoja sasa anaijua sehemu ya mwenzake. Akinyi aliwaambia hivyo hivyo siku ile ile walipokuwa wanaaga. Aliwasihi wachague mengine mapya. Rispa alikuwa amekwisha mshika Mama Nafula mkono wavuke kizingiti, na Mama Nafula akageuka.

"Tubadilishe tuweke nini ingine?" akauliza, wakavuka.

Na msiende kujaribu bahati yenu. Mtaa niliowatajia nimeubadilisha tangu mwanzo wa hadithi, na herufi pia. Halafu hiyo sehemu ya katikati anaijua Mama Baraka peke yake, na huyo hasemi.